Meno ya Kufunga na Meno ya Kuvua



Kinywa ni mlango wa riziki na mlango wa dhikri. Kwa kinywa mtu hula, husoma Qur'ani, na humpa mwenziwe tabasamu ambalo Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) alitufundisha kuwa ni sadaka. Anayepoteza meno hupungukiwa katika yote hayo. Juma hili tumekusudia kuzungumza na mama zetu, dada zetu na jamaa zao juu ya shauri ambalo miaka hii limeanza kubisha hodi majumbani mwetu: meno ya kupandikiza, na lipi la kuchagua kati ya yale yanayofungwa kinywani yasitoke, na yale yanayovuliwa na kurejeshwa. Shauri hili tumelikalia katika nyumba mbili, moja ya Kendu Bay katika Kaunti ya Homa Bay, nyingine ya Migori mjini. Nyumba hizo ziliamua kila moja kinyume cha mwenziwe, na kwa maoni yetu zote mbili zilipata.

Dada yetu mkubwa aliolewa Kendu Bay tangu ujana wake. Mji huo uko ufukoni mwa ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, nao ni miongoni mwa miji ya Uislamu wa siku nyingi katika nchi ya Wajaluo. Utawakuta humo Waislamu wa Kijaluo, wenye asili ya pwani na wenye asili ya Bara Hindi wakiswali safu moja. Sisi tulimfuata dada miaka ya baadaye, tukasomesha madrasa pande hizo, na ndipo tulipoijua nchi na desturi zake.

Mama mkwe wake, Allah amrehemu, alikuwa Mjaluo wa zamani, na katika taya lake la chini hamkuwa na meno sita ya mbele. Hakuyapoteza kwa maradhi. Wajaluo wa kale walikuwa na desturi ya kung'oa meno hayo sita kwa mvulana na msichana anapokaribia utu uzima. Desturi yenyewe iliitwa nak, na fundi wake janak. Aliyestahimili bila ya kulia alihesabiwa ameuvuka utoto. Wazee hueleza pia kwamba pengo lile lilifaa mtu anaposhikwa na pepopunda, taya zikafungana: uji na dawa vilipitishwa hapo. Desturi hiyo ilififia katika karne ya 20 shule na dini zilipoenea, lakini kwa miaka mingi wazee wenye pengo walionekana sokoni Homa Bay, Rongo na Migori, wakicheka bila ya kuziba kinywa.

Tumelitaja hili kwa sababu linaonyesha kuwa aibu ya pengo haikuumbwa pamoja na pengo. Huletwa na macho ya watu wa wakati na mahali. Ndugu za Wajaluo kwa asili, Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini, nao walikuwa na desturi ya kung'oa meno ya mbele ya chini. Baadhi yao walipokimbia vita wakafika jimbo la Nebraska, Marekani, pengo lililokuwa heshima kwao likageuka kuwa mzigo: liliwatenga na watu na kuwatatiza katika kutamka lugha ya ugenini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nebraska waliandika habari zao mwaka 2005, na wapo waliorejeshewa meno. Basi anayetaka meno tusimwite mpenda anasa, na asiyeyataka tusimwite mshamba.

Dada yetu, kwa kuishi na mama mkwe yule, hakuona haya meno yake yalipoanza kuanguka. Ana maradhi ya kisukari, na kisukari kisipodhibitiwa hula fizi na mfupa unaoshika meno. Alipofika umri wa miaka sitini na sita hakubakiwa na hata moja. Akatengenezewa meno ya bandia ya kawaida, juu na chini. Ya juu yalikaa vyema, kwani kaakaa ni pana na bamba lake hujinata hapo. Ya chini yalimtesa. Taya la chini halina kaakaa, lina ukingo mwembamba tu wa umbo la kiatu cha farasi, na ulimi haupumziki. Kila alipofungua kinywa, meno yalielea. Tena mfupa usio na jino husinyaa mwaka baada ya mwaka, hata bamba lililokaa vizuri mwanzo likawa linapwaya.

Kilichomuumiza hakikuwa chakula. Ugali wa mtama na mchuzi wa samaki aliweza kuumeza. Kilichomuumiza ni darsa. Kwa zaidi ya miaka ishirini dada yetu amewasomesha akina mama Qur'ani kila Alhamisi baada ya Alasiri. Aliyesoma tajwidi anajua kuwa meno ni sehemu ya makharija. Herufi za thaa, dhaal na dhwaa hutoka ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno ya juu. Faa hutoka kwa mdomo wa chini na ncha za meno hayo hayo. Na siin, zaay na swaad hutoka ncha ya ulimi inapokaribia meno ya mbele, huku sauti ikipenya baina ya ya juu na ya chini. Meno yakielea, siin huwa mluzi au hugeuka thaa. Dada akaanza kusema, "Mwanafunzi wangu atachukua kosa langu akalipeleka kwa mwanawe." Wiki moja darsa likafungwa, ya pili likafungwa, na ya tatu watoto wake wakatuita.

Hapa tueleze kidogo jino la kupandikiza ni nini. Mwanasayansi wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, akichunguza mifupa ya wanyama katika miaka ya 1950, aliona kuwa madini ya titani hushikana na mfupa hai hata yasiweze kutenganishwa kwa urahisi. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimtia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, vijiti vya madini hayo katika taya. Tangu hapo elimu hiyo imeenea duniani. Daktari hutoboa mfupa baada ya ganzi, hutia skrubu ndogo ya titani mahali pa mzizi, kisha aghalabu husubiri miezi mitatu hadi sita mfupa uishike. Baada ya hapo meno hujengwa juu yake.

Meno hayo yako namna mbili. Ya kwanza ni ya kufunga: daraja zima la meno hukazwa juu ya vipandikizi, na hakuna awezaye kulitoa ila daktari. Kwa taya zima huhitajika vipandikizi vinne au zaidi. Ya pili ni ya kuvua: bamba la meno lina vishikizo kwa ndani, mfano wa vifungo vya kubana vya nguo, hubanwa juu ya vipandikizi vichache, nalo mwenyewe hulivua usiku akalisafisha. Kwa taya la chini vipandikizi viwili hutosha. Mwaka 2002, mjini Montreal nchini Kanada, wataalamu walikutana katika Chuo Kikuu cha McGill wakatoa tamko kuwa kwa mtu asiye na meno kabisa katika taya la chini, bamba linaloshikwa na vipandikizi viwili ndilo liwe chaguo la kwanza badala ya bamba tupu linaloelea. Kwa taya la juu mfupa ni laini zaidi, na bamba la kuvua kwa kawaida huhitaji vipandikizi vinne.

Basi tukaketi Kendu Bay, watoto wa dada na sisi. Mpwa wetu mkubwa, anayefanya biashara Homa Bay mjini, alikuwa ameshaamua. Alisema, "Mjomba, mama katulea kwa kuuza samaki. Hatumpi nusu ya kitu. Tumfungie meno, ale na alale nayo kama aliyezaliwa nayo." Hesabu aliyopewa na daktari wa Kisumu kwa meno ya kufunga ilikuwa zaidi ya mara mbili ya yale ya kuvua, na njia aliyoiona ni kuuza kiwanja alichoachiwa mama na marehemu mumewe. Kiwanja hicho kina vyumba viwili vya kupangisha, na kodi yake ndiyo inayosomesha wajukuu wawili mayatima.

Binti yake, ambaye ndiye anayeishi na mama, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka, wewe unaleta pesa, na Allah akulipe. Lakini mikono itakayosafisha meno hayo ni yangu. Vidole vya mama vimeanza kutetemeka. Yanayovuliwa nitayaosha kwenye bakuli. Yaliyofungwa nitayafikiaje kwa chini?"

Neno hilo lilikuwa na uzito kuliko alivyojua msemaji wake. Meno ya kufunga hayaozi, lakini ufizi unaoyazunguka huugua. Chakula huingia chini ya daraja, na lazima kitolewe kila siku kwa uzi maalumu au kwa brashi nyembamba. Kikiachwa, ufizi huvimba, mfupa hulika, na kipandikizi huanza kulegea. Kwa mwenye kisukari hatari hiyo ni kubwa zaidi. Ya kuvua nayo yana taabu yake: vishikizo vyake huchakaa na kubadilishwa kila baada ya muda, lazima yavuliwe usiku, na kwa kutafuna hayafikii nguvu ya yaliyofungwa. Hata hivyo, bamba lake hujaza mahali mfupa uliposinyaa, likauinua mdomo na shavu, na anayemtunza mzee huliosha kwa urahisi.

Dada yetu mwenyewe aliulizwa mwisho, ijapokuwa kinywa ni chake. Akasema, "Mnataka kuniwekea nyumba nzima kinywani, na mayatima wakose ada. Nipeni meno yasiyocheza nikisoma siin. Usiku nitayavua, usiku nazungumza na Mola wangu, naye ananijua bila ya meno."

Mpwa wetu alilia. Wako wanaume wanaodhani kumkirimu mama ni kumnunulia kilicho ghali, na ni vigumu kwao kuambiwa kuwa kilicho nafuu ndicho kinachomfaa. Tukamwambia kwamba wema kwa mzazi hupimwa kwa haja ya mzazi. Kiwanja hakikuuzwa. Dada alikwenda Kisumu, sukari ikadhibitiwa kwanza kwa miezi minne kwa amri ya daktari, akatiwa vipandikizi viwili chini, na baada ya kupona bamba likabanwa. Juu alibaki na bamba lake la kawaida. Darsa la Alhamisi limefunguliwa tena.

Nyumba ya pili iko Migori. Binti wa rafiki yetu, wa miaka thelathini na minne, alianguka kutoka bodaboda katika barabara ya kwenda Isebania akapoteza meno matatu ya mbele ya juu. Hakuwa na maradhi mengine, na meno yake yaliyobaki yalikuwa mazima. Bwana wake alimletea kibamba kidogo cha kuvua, cha bei nafuu kabisa. Kikamfaa mchana, na usiku ukawa adhabu. Alikuwa akisubiri bwana alale ndipo akivue, na akiamka kabla ya Alfajiri kukivaa gizani. Mkewe sheikh, yaani mama watoto wetu, ndiye aliyeambiwa siri hiyo, na kwa idhini ya mwenyewe ikatufikia.

Daktari alimshauri vipandikizi viwili vibebe daraja la meno matatu ya kufunga. Kwa umri wake, kwa mikono yake mizima na kwa pengo dogo la mahali pamoja, lilikuwa shauri jema. Bwana akasema fedha hana, ila mke ana bangili za dhahabu za mahari yake; aziuze. Migori ni nchi ya dhahabu. Huko Macalder na Nyatike watu wanaichimba hadi leo, na thamani yake kila mtu anaijua.

Hapo tulisema naye kwa upole lakini bila ya kuzunguka. Mahari ni milki ya mke. Akiitoa kwa radhi ya nafsi yake ni wema wake, na asipoitoa hana lawama. Ni kweli kwamba wanazuoni wa zamani wa madhehebu yetu ya Shafii hawakuhesabu malipo ya tabibu katika nafaka iliyo wajibu kwa mume. Lakini wanazuoni wengi wa zama hizi wameyaona kuwa yanaingia katika kukaa na mke kwa wema, kwani leo tiba ni haja kama chakula. Isitoshe, bodaboda ile alikuwa ameipanda akienda kumwangalia mama wa bwana huyo. Tulimuuliza swali moja tu: "Lau meno haya yangekuwa yako, ungeuza nini?" Alikaa kimya, kisha akaomba muda. Alilipa kwa mafungu kwa muda wa mwaka mmoja. Bangili ziko mkononi mwa mwenyewe.

Katika nyumba zote mbili tuliulizwa masuala ya sheria, nasi tunayaweka hapa kwa manufaa ya wote.

La kwanza, je, huku si kubadili maumbile? Mtume (rehema na amani zimshukie) amekemea kutengeneza mwanya wa meno kwa ajili ya urembo. Kurejesha kilichopotea ni jambo jingine. Imepokewa kwamba Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akatia pua ya fedha ikanuka, na Mtume akamwelekeza atie ya dhahabu. Kutokana na hapo wanazuoni wameruhusu jino la dhahabu hata kwa mwanamume panapokuwa na haja. Titani haina tatizo lolote kwa mwanamume wala mwanamke.

La pili, udhu na josho. Katika madhehebu yetu kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho, kwa hiyo hakuna ulazima wa kuvua meno. Ndugu zetu wa Kihanafi wanaona kusukutua ni faradhi katika josho, na wanazuoni wao wametofautisha: kilichofungwa huhesabiwa kama sehemu ya mwili, na kinachovuliwa kwa urahisi huvuliwa ili maji yafike. Aliyeolewa katika nyumba ya Kihanafi alijue hilo.

La tatu, mfupa wa kuongezea. Mara nyingine taya likiwa jembamba daktari hujaza unga wa mfupa. Unga huo unaweza kutoka kwa ng'ombe, kwa binadamu, kwa nguruwe, au ukatengenezwa maabara. Muulize daktari kabla, na utaje dini yako bila ya haya. Aghalabu pana badili.

La nne, saumu. Kazi ya kutoboa taya si ya dharura. Ipangwe nje ya Ramadhani, ili mtu asimeze damu na maji akabaki na wasiwasi.

La tano, mauti. Meno ya kuvua hutolewa maiti anapooshwa, na kama yana dhahabu huingia katika mirathi. Yaliyofungwa huachwa, kwani kuyang'oa ni kumwumiza maiti, na heshima yake ni kama ya aliye hai.

Mama zetu na dada zetu, mkikabiliwa na shauri hili, msianze na bei wala na picha za tangazo. Anzeni na maswali haya. Limebaki pengo la meno mangapi? Mfupa una hali gani katika picha ya eksirei? Kuna kisukari, sigara, au dawa za mifupa? Ni nani atakayesafisha, leo na baada ya miaka kumi? Daktari wa kuyatunza yuko umbali gani, na nauli ya kumrudia kila baada ya miezi michache itatoka wapi? Mwenye kukaa Mbita au Nyatike, ambaye skrubu ikilegea atasafiri mpaka Kisumu, ahesabu na safari hiyo. Hakikisheni pia kwamba daktari ana leseni ya baraza la taifa linalosimamia madaktari na madaktari wa meno, wala msimpe kinywa fundi wa mtaani kwa sababu ni rahisi.

Kwa jumla, kijana mwenye pengo dogo na mikono mizima, meno ya kufunga humfaa. Mzee asiye na jino hata moja, mwenye maradhi na mwenye kuhitaji msaada, mara nyingi ya kuvua juu ya vipandikizi viwili humtosha. Baina ya hao wawili wako wengi, na kila mmoja ana hali yake. La muhimu ni kuwa mwenye kinywa aulizwe kwanza, kabla ya mwenye mfuko.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie viungo vyetu, atuponyeshee wagonjwa wetu, na ajaalie vinywa vyetu viwe vya kumtaja Yeye mpaka mwisho wa pumzi. Wabillahi tawfiq.